Gunia la Kahawa Lililopiga Chafya Chonyonyo

Wakuu, naapa kwa kaburi la mama yangu, lililo kwenye migomba nyuma ya nyumba hii ninayoandikia, kwamba haya ninayosimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Atakayenikamata na uongo, hata mdogo kama kiroboto, namchinjia mbuzi. Beberu mzima, si kitoto.

Nimesema, na nimeandika kwa simu hii aliyoninunulia binti yangu Joviana. Haifutiki.

Sasa sikilizeni.

Mchana mmoja wa kiangazi, miaka ile ya themanini ambapo vyama vya ushirika vilikuwa vimerudi na sabuni ilikuwa bado haijarudi, gunia la kahawa ndani ya ghala la chama cha kwetu Chonyonyo lilipiga chafya.

Likapiga tena.

Halafu likaomba maji.

Cheka, lakini usiondoke. Gunia lile lilikuwa na sababu zake, na sababu kubwa ilikuwa kitabu. Kitabu cha maadili!

Palikuwa na jamaa akiitwa Yustus, mpima mizani wa chama. Namfahamu vizuri, tulikuwa majirani wa karibu mno. Mwanaume wa haja: mrefu, kifua kipana, meno meupe kama nazi iliyokunwa. Mkulima akileta kahawa, Yustus ndiye anayechukua bambo, kile chuma chenye ncha, analichoma gunia ubavuni, zinatoka punje chache kiganjani, anazitazama, anasema: "Imekauka. Pandisha." Au anasema: "Mzee wangu, hii rudisha juani." Na hakuna aliyebisha.

Sema alikuwa na ugonjwa mmoja. Wivu.

Si wivu wa kawaida wa mtu na mke wake. Huyu alikuwa na wivu wa kugeuka kanisani kutazama nani kasimama nyuma ya mkewe kwenye mstari wa komunyo.

Mkewe aliitwa Eustadia, karani wa chama hicho hicho. Mume anapima na kuita kilo, mke anaandika. Asubuhi wanakwenda kazini kwa baiskeli moja, jioni wanarudi kwa baiskeli ile ile, na njia nzima Eustadia amekaa nyuma anamwaga umbea wa ofisini. Mwenyekiti kagombana na nani. Nani kaleta kahawa ya shemeji yake akasema ni ya kwake.

Yustus aliishi kwa umbea ule kama wengine wanavyoishi kwa mshahara.

Mwaka huo Eustadia akaamua kufanya mtihani wa wahasibu, ule wa kusoma kwa posta. Karatasi za hesabu zote akazipiga, akapita. Ikabaki moja: maadili ya kazi. Kitabu kikaja kutoka Dar es Salaam, kinene kama tofali la kuchoma, Kiingereza mwanzo mwisho.

Eustadia Kiingereza alikuwa nacho, ila cha kuombea chumvi. Kile cha kitabu kilimshinda.

Ndipo akaingia Fidele.

Fidele alikuwa karani wa chama jirani cha Kituntu, na yeye alibakiwa na karatasi ile ile. Ukoo wao ulitoka Rwanda enzi za babu yake, watu wa ng'ombe na maziwa. Alikuwa amesoma seminari mpaka karibu kabisa na upadri, akaacha. Kiingereza chake kilinyooka kama cha mapadri. Baiskeli yake ilikuwa na dinamo.

Na hakuwa ameoa.

Narudia, kwa sababu Yustus mwenyewe alikuwa akirudia kila akilala: hakuwa ameoa.

Basi kila alasiri kahawa ikishapokelewa, Fidele anaegesha dinamo yake nje, anaingia ghalani, wanakaa na Eustadia kwenye meza ya karani. Mlango wazi, watu wanapita. Lakini mwenye wivu mlango wazi ndio unamtia homa. Anajiuliza, hawa wanaficha nini mpaka wakauacha wazi?

Kilichomchoma zaidi kilitokea kwenye baiskeli.

"Enhe, mke wangu, leo mwenyekiti kasemaje?"

Kimya huko nyuma.

"Mama, si nakuuliza?"

"Siwezi kukwambia, baba Joviana. Ni mambo ya ofisi."

"Jana si ulikuwa unaniambia?"

"Jana sikuwa nimefika sura ya usiri. Mhasibu hatoi habari za kazini, hata kwa mumewe."

"Na Fidele?"

"Fidele si ndiye aliyenifafanulia hiyo sura."

Yustus akakanyaga pedeli mpaka mnyororo ukalia.

"Kwa hiyo Fidele anafafanua, na mimi nakanyaga."

Eustadia akacheka. Yustus hakucheka.

Akaenda kuulizia ushauri mahali pabaya kuliko pote duniani: kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Pale alikuwepo Placidius, fundi baiskeli, mwenye mdomo usiojua breki.

"Ati mkeo anasoma maadili?" Placidius akauliza, povu la rubisi limemganda kwenye masharubu.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Waitu! Wewe ulishaona samaki anasomea kuogelea? Mtu akisomea maadili mwaka mzima, ujue alianzia mbali sana."

Kilabu kizima kikaanguka kicheko. Mmoja akamwaga kibuyu.

"Na mtihani ukifika?" Placidius hakuachia. "Wakifaulu wote wawili, wanapelekwa wapi?"

Yustus alijua jibu. Kayanga, chama kikuu. Eustadia atakuwa Kayanga, Fidele atakuwa Kayanga, na yeye atabaki Chonyonyo anachoma magunia na bambo.

Usiku huo hakulala. Kufika alfajiri alikuwa na mpango, na mpango wenyewe, wakuu, ungeweza kuzaliwa kwetu tu.

Zamani huku, watu wawili wakitaka kuwa ndugu bila kutoka tumbo moja, walikula omukago. Linachukuliwa tunda la kahawa lenye punje mbili zilizolala pamoja kama mapacha. Kila mmoja anachanjwa kidogo chini ya kitovu, punje inapakwa damu. Wewe unameza yenye damu yangu, mimi nameza yenye damu yako. Kuanzia siku hiyo ukinisaliti, ukamgusa mke wangu, tumbo lako linavimba mpaka unakufa.

Paroko hakuupenda omukago. Lakini paroko hakuwa na mke wa kulinda.

Yustus akamfuata Fidele mpaka Kituntu.

"Bwana Fidele, nimekupenda tabia. Nataka tuwe ndugu wa punje."

Fidele akamsogezea kiti.

"Kaka Yustus, hata kwetu jambo hili lipo, tunaliita kunywana. Babu yangu alikuwa na ndugu wa namna hiyo, na alimzika kwa mikono yake. Si mchezo."

"Ndiyo maana nimekuja. Sitaki mchezo."

Kukataa kungekuwa matusi. Wakaenda kwa mzee Anastazi, aliyekuwa amebaki peke yake anayejua maneno ya omukago. Mzee akawachanja, akawalisha, akasema kwa sauti ya koo kavu:

"Akija na njaa, umlishe. Akija uchi, umvike. Akija kwako asibishe hodi, maana ni kwake."

Yustus akaitikia kila kitu. Akilini mwake kulikuwa na jambo moja tu, lile la tumbo kuvimba. Mengine yalipita kama wimbo wa kuaga wageni.

Kesho yake mchana, mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Ndugu yangu," akasema Fidele, "nimekuja na njaa."

Mchezo ukaanza hapo. Fidele alilelewa hivyo: ndugu wa punje asipokuja kula kwako, amekutukana. Kwa hiyo alikuja. Aliingia moja kwa moja, akakaa kwenye kigoda cha Yustus chenyewe, Eustadia akasema "karibu shemeji", sahani ya matoke na maharage ikasogezwa mbele yake, ya kwanza. Kesho yake akaja tena, na maziwa ya ng'ombe wa mama yake kwenye kibuyu. Wakala, wakafunua kitabu, wakasomea hapo hapo, kwa taa ya Yustus na mafuta ya taa ya Yustus.

Yustus alikuwa kama mtu aliyemfunga mbuzi katikati ya shamba la maharage ili amchunge vizuri.

Na kila siku alimtazama Fidele tumbo.

Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, Yustus akaona kitu. Shati la Fidele lilianza kubana. Kifungo cha chini kikaanza kuvutika.

Tumbo lilikuwa linakua!

Sasa hebu jiweke wewe. Mwanaume unamlisha matoke kila siku mpaka ashibe, kisha tumbo lake linakua. Ni dhambi ile, au ni ndizi?

Yustus aliteseka na swali hilo mpaka akaanza kupunguza chakula. Akawaambia nyumbani kwamba migomba haizai vizuri. Tumbo halikupungua. Kumbe Eustadia alikuwa akiongeza maharage.

"Huyu shemeji yako amenenepa," Yustus akajitia kusema.

"Si unamlisha vizuri?" Eustadia akajibu. "Hata kitabu kinasifu ukarimu, mradi usiwe wa kumhonga mtu."

Hapo uzi ukakatika. Yustus akaamua atasikia kwa masikio yake.

Siku hiyo aliaga kwamba anakwenda Kayanga kutengenezesha jiwe la mizani. Akazunguka ghala, akaingia kwa mlango wa nyuma, akachukua gunia tupu la katani, akajitumbukiza ndani, akajikunyata kati ya magunia yaliyojaa, karibu kabisa na meza ya karani. Mdomo wa gunia akaukunja kwa ndani.

Ndani ya gunia, nikwambieni ukweli, si mahali pa mtu. Vumbi la maganda ya kahawa linaingia puani kama ugoro. Kuna sisimizi wadogo wekundu, wanapanda kwenye shingo, wanashuka mgongoni wanakotaka wao. Magoti yanagusa kidevu. Unaona nje kwa vitundu vya katani, dunia nzima imekuwa chujio.

Wakaja. Wakakaa. Kitabu kikafunuliwa.

"Shemeji," Fidele akaanza, "leo kabla ya kusoma nina neno."

Ndani ya gunia moyo ukapiga kama ngoma.

"Chama kikuu walitaka kunipa kazi ya ukaguzi. Vyama vyote vya upande huu, pamoja na hiki. Nimekataa."

"Umekataa? Kazi uliyoilia machozi?"

"Nitamkagua vipi mpima mizani ambaye nimemeza damu yake? Hii sura ya nne haitaji punje ya kahawa, lakini inataja undugu. Nimewaambia wamtafute mwingine."

Eustadia akasema, na sauti yake ikawa kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyekaa naye meza moja:

"Basi na mimi nitasema langu. Mume anapima, mke anaandika. Sura hiyo hiyo haikubali. Mmoja wetu lazima atoke hapa. Nimeshawaomba nitoke mimi."

"Kaka Yustus anajua?"

"Nimwambie nini? Mizani ndiyo heshima yake. Wapima wote wa huku wanaiba kwa kidole, wanabonyeza, mkulima haoni. Yeye hajawahi. Ndiyo sababu nilikubali kuolewa naye, shemeji, si haya meno yake. Lakini wivu wake umenichosha. Akiendelea hivi narudi kwa baba, kule Rugera, na mtihani nitaufanyia huko huko."

Machozi yakamtoka Yustus. Yakakutana na vumbi la maganda.

Ikaja chafya.

Na nyingine.

"Maji," likasema gunia. "Jamani, maji."

Basi Yustus akasimama kutoka kwenye lile gunia taratibu, kama mkuu wa wilaya anavyoshuka kwenye Land Rover. Akajikung'uta. Mwenyekiti, mzee Ildefonsi, alikuwa ndiyo anaingia na wajumbe wa kamati.

"Kuna nini hapa?" mwenyekiti akauliza.

"Shikamoo mzee," Yustus akasema kwa sauti nzito. "Nilikuwa napima usalama wa ghala. Nimegundua kwamba mtu anaweza kujificha humu. Tuweke mlinzi."

Kamati ikampigia makofi. Mwenyekiti akampa mkono. Fidele akaomba radhi kwa kula sana, na Eustadia akamfuta mumewe vumbi usoni kwa kanga yake, machozi ya mapenzi yakimlengalenga. Wakapanda baiskeli wakarudi nyumbani, na Yustus hakuona wivu tena maisha yake yote.

Funzo: mwanaume imara, hata akiwa ndani ya gunia, anabaki mwanaume.

Ahsanteni kwa kusoma.

Wakuu, nimerudi. Imenibidi niongeze hapa chini.

Nilikuwa nimekaa barazani nahesabu mliopenda simulizi, mara simu ikalia. Kuna aliyeandika maoni. Nikafungua. Jina: Eustadia.

Yupo jikoni. Hatua chache kutoka hapa nilipo. Angeweza kuita. Ameamua kuandika mbele yenu.

Nayaweka kama alivyoyaandika, maana ameniambia nikigusa hata nukta nitajipikia wiki nzima.

"Ndugu wasomaji, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ndiye Eustadia wa kwenye hadithi hii. Nilifaulu karatasi ile, nikafanya kazi ya uhasibu mpaka nikastaafu, na katika maisha yangu sijawahi kuweka sahihi kwenye taarifa ninayojua inapotosha. Sitaanza leo kwa ajili ya mzee huyu.

Kwanza, mume aitwaye Yustus simjui. Mimi nimeolewa na Projest mmoja tu, na ndiye aliyeandika haya. Yeye mwenyewe amesema juu kabisa kwamba Joviana ni binti yake, kisha kwenye baiskeli namwita Yustus baba Joviana. Mwulizeni Joviana ana baba wangapi.

Pili, mtu aliyekuwa ndani ya gunia alikuwa peke yake. Nani alimwambia mwandishi kuhusu sisimizi?

Tatu, hakuna aliyepiga makofi. Mimi nilijua tangu nilipoingia. Magunia yote ghalani yameshonwa mdomo kwa kamba, moja tu limekunjwa kwa ndani na linahema. Maneno yale ya heshima ya mizani na ya kurudi Rugera sikuwa namwambia Fidele. Nilikuwa naliambia gunia. Nilikuwa nimejaribu kuyasema nyumbani, hakukuwa na mtu wa kuyasikia.

Lilipopiga chafya ndipo nikasema: shemeji, kahawa hii mbichi, chukua bambo uichome tuone. Fidele masikini hakujua kitu, akaichoma kweli. Gunia likaruka, likapiga kelele mpaka wakulima wa nje wakaingia: Mimi si kahawa! Mimi si kahawa!

Mzee Ildefonsi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akaamuru lipandishwe kwenye mizani hivyo hivyo. Akasema ni kahawa ya kwanza aliyoiona yenye meno.

Nne, siku hiyo nilikwenda Rugera. Alinifuata na mbuzi na mtungi wa rubisi, akapiga magoti mbele ya baba yangu, na aliyemsindikiza kumwombea msamaha ni Fidele, kwa sababu ndugu wa punje hamwachi mwenzake.

Kovu la bambo lipo paja la kushoto. Akibisha, avue suruali.

Baba Joviana, beberu tafadhali. Si kitoto."

Wakuu.

Sikubishi. Suruali sivui.

Maoni yake yamependwa kuliko simulizi yangu. Placidius, ambaye sikujua kama bado yu hai, ameandika kutoka Mwanza: "Nilisema mimi!" Hakusema chochote cha namna hiyo, lakini naye kapendwa.

Eustadia alihamia Kayanga kweli, na nilikuwa nikimfuata kila Jumamosi kwa baiskeli. Mimi nilibaki na mizani yangu. Mkaguzi waliyemleta badala ya Fidele alikuwa mkali kama pilipili, akapima mawe yangu yote, hakukuta kosa. Hiyo Eustadia hakuiandika, nimeiweka mwenyewe, na ni kweli. Mwulizeni.

Nimemuuliza kwa mlango wa jikoni. Amesema ni kweli. Nimefarijika kupita kiasi.

Beberu nimemfungua zizini. Nilipotaka kumchinja Eustadia akasema ngoja kwanza, mwenye nyumba mwingine hajafika. Kumbe alishampigia simu.

Fidele amefika sasa hivi. Ana mvi, ana wajukuu, na mlango kaufungua bila hodi. Amekaa kwenye kigoda changu. Ini la mbuzi ni lake, ndivyo ilivyo kwa ndugu wa punje, na Eustadia ameshaliwekea sahani.

Nimewakuta wanaambiana kitu, wote wawili wanacheka.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Mambo ya ofisi," akasema Eustadia.

Funzo, safari hii la kweli: ukitaka kujua kilicho moyoni mwa mkeo, muulize mezani. Ukiulizia kwenye gunia utajibiwa kwa bambo.

Mimi ile karatasi ya maadili nimeishi nayo nyumba moja miaka yote hii, na bado sijafaulu. Sasa hivi nakwenda kuchinja, kisu mkononi. Nikipita mbele ya Fidele najua nitakachofanya.

Nitamtazama tumbo.